Kabla Hujalitwika Paa la Ghala



Tangu kumalizika msimu uliopita, wanachama kadha wametuletea swali moja kwa sura tatu. Mmoja ataka kuweka paneli za umeme wa jua juu ya paa la ghala lake la chuma. Wa pili ataka kupandisha tangi la maji la lita 1,000 juu ya kenchi, ili maji yateremke yenyewe mpaka nyumbani. Wa tatu, na huyu ana wenzake wengi, ataka kuning'iniza chanja ndani ya ghala apate pa kutandaza karafuu mvua ikishika siku za kuanika. Wote watatu wauliza: Je, paa litabeba?

Hakuna awezaye kujibu kwa kulitazama tu paa kutoka mlangoni. Paa lililosimama miaka kumi latuonyesha kwamba limeweza kubeba yaliyolipata katika miaka hiyo kumi, basi. Halituambii neno juu ya mzigo ambao halijaubeba bado. Tena chuma cha leo sicho kile cha siku ya kuezeka, maana sisi watu wa kisiwani twaishi na hewa ya chumvi, nayo haina likizo.

Kwanza na tuelewane kwa majina. Kenchi ni zile pembetatu kubwa za chuma zivukazo kutoka upande mmoja wa ghala mpaka wa pili. Mapao ni vile vyuma vyembamba vilalavyo juu ya kenchi, navyo ndivyo vishikavyo bati kwa parafujo. Chini ya kenchi zipo nguzo, na chini ya nguzo msingi. Ukiweka kitu juu ya bati, uzito wake haukai palepale: bati huutia juu ya pao, pao huupeleka kwenye kenchi, kenchi kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, na msingi ardhini. Ni kama watu waliojipanga kupokezana magunia kutoka ghalani mpaka garini. Akilegea mmoja gunia laanguka, hata kama wengine wote ni mabarobaro. Kwa hiyo hakuna faida ya kusema "nguzo zangu ni nene" ikiwa pao ni la bati lililokunjwa, au kusema "kenchi ni imara" ikiwa bolti zimekwisha kuliwa na kutu.

Jambo la pili la kujua ni jinsi paa la bati lilivyo jepesi. Bati la kawaida la migongo lina uzito wa kilo 4 hivi kwa kila mita mraba. Paa la vigae vya udongo huweza kufika kilo 40 na zaidi kwa eneo lilo hilo. Aliyejenga ghala la chuma la bei nafuu alijua kwamba ataezeka bati, akanunua chuma cha kutosha bati. Hakununua chuma cha kubebea vigae, wala tangi, wala chanja. Wepesi huo ndio uliotuwezesha kujenga. Lakini ndio huo huo uachao nafasi ndogo ya kuongeza.

Tuchukue ghala moja la mfano tulifanyie hesabu. Urefu wake mita 12, upana mita 6. Kenchi zimepangwa kila baada ya mita 3, na mapao kila baada ya mita 1. Pao moja, kutoka kenchi hadi kenchi, labeba eneo la mita 1 kwa mita 3, yaani mita mraba 3. Kenchi moja ya katikati yabeba mita 3 kwa mita 6, yaani mita mraba 18. Mteremko wa paa huongeza kidogo, lakini tuuache ili hesabu iwe nyepesi.

Bati pamoja na pao lenyewe tuseme ni kilo 8 kwa mita mraba. Basi pao letu siku zote limejitwika kilo 24. Juu ya hizo, mhandisi hutakiwa kuweka akiba kwa ajili ya mafundi wapandao kutengeneza, vifaa vyao na mengineyo. Kanuni za Uingereza, kwa mfano, kwa paa lisilo la kukaliwa na watu na lenye mteremko wa kawaida, zilihesabu akiba isiyopungua kilo 60 hivi kwa mita mraba. Kwa pao letu ni kilo 180. Jumla kilo 204.

Sasa mwanachama wa kwanza alete paneli kumi za jua. Paneli moja yenye ukubwa wa mita mraba 2 huwa na uzito wa kilo 22 kwa kadiri, na pamoja na reli na vishikizo vyake mzigo wote wafika kama kilo 270 kwa eneo la mita mraba 20. Ni kilo 14 kwa mita mraba, kasoro kidogo. Pao lililofunikwa na paneli laongezewa kilo 42. Zilikuwa 204, sasa ni 246: ongezeko la sehemu moja katika tano. Ghala lililojengwa kwa mchoro na hesabu nzuri huenda likaweza. Aghalabu mhandisi husema kwamba mahali penye paneli mtu hapakanyagi, hivyo sehemu ya ile akiba yaweza kupunguzwa. Lakini hilo ni lake kuamua, si letu wala si la muuza paneli. Na ghala lililojengwa bila mchoro, fundi akichagua chuma kwa macho na kwa fedha iliyokuwapo mfukoni siku hiyo, ile akiba ya kilo 60 haijulikani kama ilikuwapo hata siku ya kwanza.

Wako wasemao: "Mafundi wanne walipanda siku ya kuezeka, na halikutikisika." Ni kweli. Lakini walipanda kwa siku mbili wakashuka, na chuma kilikuwa kipya. Paneli hazishuki. Siku fundi atakapopanda kuziba tundu atazikuta ziko palepale, naye atakuwa mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza.

Hesabu ya chanja yatisha zaidi, nami nataka tukae nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo yenye watu chini yake. Kwa kadiri, karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kilo 1. Mkulima hufikiri kwa karafuu kavu, maana ndizo auzazo. Lakini chanja hubeba mbichi. Chukua chanja sita, kila moja ya kutoa frasila moja kavu, ile ya ratli 35, kilo 16 hivi. Hizo zabeba frasila 18 mbichi, nazo ni kilo 288, mbali na mbao, kamba na majamvi yaliyolowa. Zifunge zote kwenye kenchi moja ya katikati. Bati zote zinazobebwa na kenchi hiyo, kwa mita zake mraba 18, hazizidi kilo 72. Umeitwika kenchi mara nne ya bati lake lote, kwa kamba, usiku mmoja.

Mimi nilishuhudia jambo hili katika ghala la jirani, miaka kadha iliyopita. Mvua ilishika siku tatu, karafuu zikaanza kutoa joto katika marundo, na mwenye ghala, kwa huruma ya mali yake, akafunga chanja kwenye chuma cha chini cha kenchi. Wachumaji walikuwa wakilala humo humo. Usiku wa pili mlango wa ghala ulianza kukwama, na kila mtu alidhani ni mbao imefura kwa maji. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu akaokota kichwa cha bolti juu ya jamvi. Tulipoinua taa tukaona chuma cha chini cha kenchi kimelala kama upinde, na bamba la kiungo limepasuka nusu. Watu walitolewa kwanza, karafuu baadaye. Hapana aliyeumia. Mlango ulikuwa umetuambia tangu usiku, ila hatukujua lugha yake.

Kosa pale halikuwa uzito peke yake. Kamba zilifungwa katikati ya vyuma, mbali na viungo. Kenchi hufanya kazi kwa sababu vyuma vyake hukutana penye viungo na kupokezana mzigo: vingine vyavutwa, vingine vyakandamizwa. Ukifunga mzigo kati ya kiungo na kiungo, chuma ambacho kazi yake ilikuwa kuvutwa tu sasa chalazimika kupinda, na chuma chembamba hakijui kupinda. Kadhalika kwa mapao: mzigo ule ule, badala ya kuenezwa sawasawa pao zima, ukiwekwa wote katikati huwa na nguvu ya kulipinda mara mbili. Na pao la bati lililokunjwa, ambalo limekuwa jingi siku hizi, lina ukingo mwembamba chini. Ukitia kulabu kwenye ukingo ule, waweza kuufunua hata kabla pao lenyewe halijachoka.

Juu ya vyuma vikandamizwavyo, jaribu hivi. Shika ufito mrefu mwembamba, usimamishe juu ya sakafu, ukandamize kwa kiganja. Hauvunjiki, huchomoka upande. Ukate uwe shubiri moja, kisha ukandamize tena: utakushinda. Chuma cha juu cha kenchi ndivyo kilivyo. Kinachokizuia kisichomoke upande ni mapao yaliyofungwa juu yake na vyuma vya mshazari viungavyo kenchi na kenchi. Kwa hiyo mtu aondoaye kile chuma cha mshazari "kisicho na kazi" ili apate njia ya kupitisha bomba au kuinulia magunia, amerefusha ufito bila kujua.

Basi kabla ya kuongeza lolote, ingia ghalani mchana, na ngazi, taa, nyundo ndogo, brashi ya waya, futikamba na uzi. Usipande juu ya bati. Kazi karibu yote iko ndani.

Anza chini, ambako watu hawatazami. Mahali nguzo iingiapo sakafuni pana vumbi, makonyo na unyevu, na kutu hupenda hapo kuliko pengine po pote. Kwangua kwa brashi mpaka uone chuma. Gonga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Kisha pima unene wa kilichobaki. Chuma cha milimita 2 kilicholiwa nusu milimita kila upande kimebaki milimita 1, na nguvu yake imekwenda nusu, au zaidi, hata kama kwa rangi chaonekana kizima. Rangi mpya juu ya kutu ya zamani ni kanzu juu ya kidonda. Wenye maghala karibu na bahari, upande upokeao upepo, watazame mara mbili. Na tazama pia chini ya kila tundu la bati, maana maji yateremkayo humo hukaa ndani ya mfereji wa pao.

Kisha viungo. Hesabu matundu ya bolti, halafu hesabu bolti zenyewe. Hesabu mbili hizi zapasa kuwa sawa, na mara nyingi haziwi. Gusa kila nati. Palipochomelewa tafuta ufa mwembamba kama unywele, na mstari wa kutu utokao ndani ya ufa. Fundi wengine huchomelea kwa kudonoa tu, tone hapa na tone kule, kisha hupaka rangi. Kiungo cha namna hiyo hushika bati, usikiongezee.

Sasa uzi. Funga ncha moja mwanzo wa pao, ncha ya pili mwisho wake, uvute mpaka ulie, kisha pima katikati pao limeshuka kiasi gani chini ya uzi. Kwa pao la mita 3, kipimo kitumikacho sana ni kwamba lisipinde kupita sehemu moja katika 200, yaani milimita 15. Likizidi hapo na bado hujaongeza kitu, usiongeze. Fanya vivyo hivyo kwa chuma cha chini cha kenchi. Andika vipimo kwa rangi juu ya chuma chenyewe pamoja na tarehe, maana kipimo kimoja hutuambia pao lilivyo, lakini viwili vya nyakati mbalimbali hutuambia linakokwenda. Likiwa linashuka mwaka hata mwaka bila mzigo mpya, kuna kitu kinaachia.

Kazi hii ya uzi msiidharau. Mjini Hartford, nchi ya Marekani, palijengwa ukumbi mkubwa wa michezo wenye paa la fremu za chuma, ukafunguliwa mwaka 1975. Tangu wakati wa kujenga, paa lilipimwa likaonekana limeshuka mara mbili ya hesabu ya wahandisi. Walioonya waliambiwa hapana neno. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, saa chache baada ya maelfu ya watu kutoka kutazama mchezo wa mpira wa kikapu, paa zima lilianguka chini ya theluji. Waliochunguza walikuta kwamba uzito wa paa lenyewe ulihesabiwa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika tano, na kwamba vyuma vya juu vilivyokandamizwa havikuzuiwa vya kutosha visichomoke upande. Sisi hatuna theluji, lakini ufito ni ule ule.

Tulichonacho sisi ni upepo. Wazee wetu waliusimulia ule wa Aprili 1872, ulioangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Upepo mkali haulikandamizi paa la bati tu; hulivuta juu. Wengine hudhani kwamba mzigo ni dawa, ndiyo maana twaona mawe na matairi juu ya bati. Jiwe laweza kulituliza bati moja lililolegea, lakini halimsaidii mtu likiruka. Paneli zilizoinuliwa juu ya bati hupokea upepo kwa chini, na kila kishikizo chake chataka kung'oa pao. Na upepo uinuapo paa, kazi za vyuma hugeuka: kile cha chini kilichokuwa kikivutwa sasa chakandamizwa, nacho hakina mapao ya kukizuia. Kwa hiyo mwenye paneli aulize maswali mawili, la uzito wa kushuka na la nguvu ya kuinua. Wauzaji wengi hujibu la kwanza tu, tena wakisukumwa.

Neno moja juu ya kuezeka bati jipya juu ya bati la zamani. Uzito wake ni kilo 4 tu kwa mita mraba, si mkubwa. Ubaya wake ni kwamba unyevu hukaa kati ya mabati mawili, na pao huliwa mahali usipoweza kupaona.

Ukimaliza ukaguzi, andika kwenye karatasi moja: urefu na upana wa ghala, umbali wa kenchi na kenchi, umbali wa pao na pao, umbo la kila chuma pamoja na kimo, upana na unene wake, mahali palipo na kutu na unene uliobaki, bolti zilizokosekana, vipimo vya uzi, na mzigo utakao kuongeza: kilo ngapi, mahali gani, utafungwa wapi. Chora kenchi hata kwa mkono mbaya. Kama ule mchoro wa kwanza wa jengo bado uko sandukuni, uambatishe. Mpelekee mhandisi wa majengo karatasi hiyo kabla hujalipa arbuni ya kitu. Mwenye vipimo mkononi humwondolea mhandisi nusu ya safari, na malipo huweza kupungua. Asiye navyo hupata jibu la jumla, nalo ni "usiongeze," na ndilo jibu la haki.

Sasa kwa wale wanachama watatu. Mwenye paneli: inawezekana, baada ya hesabu, ikiwa vishikizo vitaingia kwenye mapao na si kwenye bati tupu, na paneli zikienezwa juu ya kenchi kadhaa badala ya kurundikwa juu ya moja. Palipo na shaka, zisimamishe chini uwanjani kwenye miguu yake, zaidi ya kivuli cha mikarafuu.

Mwenye chanja: zipe miguu. Nguzo nne za mti na mbao za kuunganisha zitapeleka uzito wote sakafuni, na paa halitajua kama kuna karafuu. Jirani yangu alifanya hivyo msimu uliofuata, baada ya kubadilisha kenchi, na chanja zake zabeba zaidi ya zile za kamba. Atakayelazimika kuning'iniza kitu chepesi, kama taa au mzani mdogo, afunge penye kiungo cha kenchi, kamwe si katikati ya chuma wala kwenye ukingo wa pao.

Mwenye tangi: lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, tangi lenyewe mbali, juu ya eneo la mita mraba moja hivi. Akiba tuliyoihesabu ni kilo 60. Jenga mnara wake, wenye msingi wake, kando ya ghala.